Mimba mbili zimeharibika: kuna ninachoweza kubadilisha kabla ya kujaribu tena?

Swali: "Daktari, nina umri wa miaka 33 na ninaishi Umoja, Nairobi. Mwaka jana mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki tisa, na mwezi wa Machi mwaka huu nyingine ikatoka, hiyo ilikuwa wiki ya saba tu. Nina kilo 94 na urefu wa sentimita 162. Nafanya kazi ya kupakia bidhaa kiwandani, mara nyingi zamu ya usiku. Sivuti sigara, lakini mume wangu anavuta, na wikendi mimi hunywa bia mbili au tatu. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Niliposafishwa hospitalini niliambiwa ni bahati mbaya, nijaribu tena. Mama mkwe anasema ni ile sindano ya kupanga uzazi niliyochomwa kwa miaka minne, na dada mmoja wa kanisani anasema ni kubeba mitungi ya maji. Safari hii nataka kujiandaa. Kuna kitu ninachoweza kubadilisha?"

Dada yangu, pole kwa mimba zote mbili. Nazitaja zote kwa makusudi, kwa sababu umeandika kwamba ya pili ilikuwa ya wiki ya saba "tu", kana kwamba wiki chache huufanya msiba kuwa mwepesi, na sivyo. Swali lako limekuja kwa wakati unaofaa, kwa kuwa mengi yanayoweza kurekebishwa ni yale ya miezi mitatu au minne kabla ya mimba kuingia. Wengi wa akina mama kwetu huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, ilhali mimba nyingi zinazoharibika huwa zimekwisha kutoka kabla ya wiki ya kumi na mbili. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito, pamoja na manufaa yake yote, humkuta mama akiwa tayari amevuka kipindi kile tunachokizungumzia hapa.

Uliambiwa ni bahati mbaya, na aliyekuambia hivyo hakukudanganya, ila alikupa nusu ya jibu. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza, na pengine zaidi, huwa na kasoro katika idadi ya kromosomu: yai au mbegu hugawanyika vibaya, kiinitete kinapata kromosomu moja zaidi au pungufu, na mwili hauwezi kukiendeleza. Kosa hilo hutokea kabla hujajua kwamba una mimba, na hakuna chakula, dua wala mapumziko yanayoweza kulirudisha nyuma. Hata hivyo, nusu nyingine ipo, na ndani yake mna mambo ambayo hali ya mwili wa mama, na ya baba pia, huyachangia.

Kiasi cha mchango huo kilipata kukadiriwa nchini Denmark. Watafiti wa huko walifuatilia mimba 91,427 za kati ya mwaka 1996 na 2002, na katika makala yao ya mwaka 2014 walikadiria kwamba takriban robo ya mimba zilizoharibika zingeweza kuepukwa iwapo vihatarishi vyote vinavyoweza kubadilishwa vingeshushwa hadi kiwango cha chini. Vile vya kabla ya mimba vilikuwa umri wa mama na uzito wake, ama mdogo mno ama mkubwa mno; vile vya wakati wa mimba vilikuwa pombe, kazi ya usiku, na kuinua mizigo ya zaidi ya kilo 20 kila siku. Yachukue matokeo hayo kama makadirio, si kama ahadi, kwa kuwa utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo yanayoandamana bila kuthibitisha daima kwamba moja limesababisha jingine. Robo ni sehemu kubwa ya kutosha kumfanya mtu ajishughulishe, lakini ina maana pia kwamba robo tatu zilizobaki zingeharibika hata kama kila mama angefanya kila kitu sawasawa. Tafadhali usome yote yanayofuata kwa kukumbuka hesabu hiyo, ili orodha ya mambo ya kurekebisha isije ikageuka kuwa hati ya mashtaka dhidi yako.

Nianze na umri, kwa sababu ndio wenye nguvu kuliko yote na pia ndio ambao huwezi kuurudisha. Takwimu za nchi nzima ya Norway, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba hatari ya mimba kuharibika ni ndogo zaidi kati ya miaka 25 na 29, karibu asilimia 10, kisha hupanda polepole hadi miaka 35 hivi, baada ya hapo ikapanda kwa kasi na kufikia asilimia 53 kwa wenye miaka 45 na zaidi. Wewe wa miaka 33 bado uko katika sehemu iliyo karibu tambarare ya mlima huo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mimba mbili mfululizo zimeharibika ana hatari ya takriban mara mbili ya yule ambaye hajawahi kupoteza. Lakini mara mbili ya hatari ndogo bado si hatari kubwa, na wengi walio katika hali yako mimba inayofuata huifikisha hadi kujifungua. Ninachokuomba kuhusu umri ni kimoja: una muda wa kujitayarisha kwa miezi kadhaa, ila usiyafanye matayarisho hayo kuwa ya miaka mitatu.

Sasa mama mkwe. Mpe heshima yake, lakini katika hili amekosea. Sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu huweza kuchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba, wakati mwingine kwa miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho, jambo ambalo ndilo chanzo cha uvumi wote huu. Hata hivyo, mara mimba inapoingia, sindano ya zamani haina njia ya kuiharibu. Wewe umeshika mimba mara mbili ndani ya muda mfupi, na hilo peke yake linakuonyesha kwamba uwezo wako wa kushika mimba ulirudi. Dada wa kanisani ana chembe ya ukweli, nami nitamrudia baadaye.

Jambo ambalo mimi, kama ungekuwa umeketi mbele yangu, ningeligusa kwanza ni uzito wako pamoja na sukari, na ninavitaja pamoja kwa sababu mara nyingi vinatembea pamoja. Kilo 94 kwa urefu wa sentimita 162 hutoa uwiano wa uzito na urefu wa karibu 36, na kuanzia 30 ndipo tunaposema unene umepita kiasi cha kiafya. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanawake wenye uwiano wa zaidi ya 30 hupoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wenye uzito wa wastani, na hata wenye uzito mdogo mno, chini ya 18.5, nao huongezeka hatari, jambo tunalolisahau kwa kuwa wembamba hausemwi vibaya mtaani. Mafuta ya mwili si mzigo uliolala tu. Hutoa homoni, huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, na huvuruga upevukaji wa yai pamoja na utando wa nyumba ya uzazi unaopaswa kukipokea kiinitete.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wauzaji wa dawa za kupunguza uzito hawatakuambia. Kwamba unene unaandamana na kuharibika kwa mimba ni jambo lenye ushahidi mwingi. Kwamba kupunguza kilo kadhaa upesi upesi kabla ya mimba kutapunguza hatari hiyo ni jambo lenye ushahidi hafifu zaidi, na baadhi ya majaribio yaliyowapunguza wanawake uzito kabla ya matibabu ya uzazi hayakuonyesha ongezeko la watoto waliozaliwa. Kwa nini basi ninakushauri upunguze? Kwa sababu kupungua kwa asilimia tano hadi kumi, ambayo kwako ni kilo tano hadi tisa hivi, hushusha sukari na shinikizo la damu, huisaidia hedhi kuwa na mpangilio, na hukupunguzia matatizo ya miezi ya mwisho ya mimba, ambayo ushahidi wake hauna shaka. Ila usifunge kula wala usinywe majani ya kuharisha yanayouzwa kama chai ya kukonda. Punguza soda, chipsi na chapati za kila siku, ugali uwe kipande kidogo na sukuma wiki, ndengu, maharagwe au omena ziwe nyingi, na utembee kwa mwendo wa haraka nusu saa siku tano kwa wiki. Ukishuka matatu vituo viwili kabla ya kwenu, sehemu kubwa ya mazoezi hayo utakuwa umeifanya bila kulipa ada ya jimu.

Sukari ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako kwa muda mrefu. Mama yako ana ugonjwa huo, wewe una uzito mkubwa, na hukutaja popote kwamba umewahi kupimwa. Aina ya pili ya kisukari inaweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili inayoonekana, na sukari iliyo juu katika wiki za mwanzo huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuumbika na kasoro za moyo na uti wa mgongo, kwa kuwa viungo hivyo huumbika kabla mama hajaanza kliniki. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, si kile cha kuchomwa kidole asubuhi moja tu. Miongozo ya Uingereza inawashauri wanawake wenye kisukari wahakikishe kiwango hicho kiko chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba ikiwa wanaweza kukifikia salama, na kama kimepita asilimia 10 waahirishe kabisa hadi kishuke. Tofauti kati ya mama mwenye kisukari kilichodhibitiwa na yule asiyejua kwamba anacho ni kubwa sana, na kati ya vyote ninavyokuandikia hiki ndicho ambacho dawa inakirekebisha kwa uhakika zaidi. Ikiwa hedhi yako huruka miezi, au una nywele nyingi kidevuni na chunusi zisizoisha, mwambie daktari pia, kwa sababu huenda una tatizo la homoni linaloifanya mifuko ya mayai kuwa na vifuko vingi vidogo, na hilo nalo hufungamana na insulini.

Siku hiyohiyo ya kutolewa damu, wapime pia tezi ya shingo, ile ya thairoidi. Tezi iliyolegea na isiyotibiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika, na kidonge kimoja kwa siku hulitatua tatizo hilo. Usikubali, hata hivyo, kuandikiwa kidonge hicho kwa sababu tu umekutwa na antibodi za tezi huku tezi yenyewe ikifanya kazi vizuri; jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2019 lilionyesha kwamba kwa wanawake hao dawa haikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa hai. Na kwa kuwa umepoteza mimba mbili, omba upimwe ugonjwa unaoifanya damu igande kupita kiasi kwa sababu ya antibodi zinazoshambulia mafuta ya seli. Zamani tulisubiri mimba tatu ziharibike ndipo tupime, lakini miongozo ya Ulaya ya siku hizi inaanzia mbili. Kipimo hicho hurudiwa baada ya wiki 12 ili kuthibitishwa, na ukikutwa nacho, aspirini ya kiwango kidogo pamoja na sindano za heparini huboresha sana nafasi ya mimba inayofuata. Usianze aspirini mwenyewe kwa sababu jirani alipewa.

Pombe haina mjadala mrefu. Tathmini ya mwaka 2019 iliyojumlisha tafiti nyingi ilikadiria kwamba kila kinywaji kimoja zaidi kwa wiki katika miezi ya kwanza ya mimba huongeza hatari ya kuharibika kwa takriban asilimia sita. Chupa zetu za bia za nusu lita hubeba takriban gramu 17 hadi 20 za pombe halisi, wakati kipimo cha kinywaji kimoja cha Marekani ni gramu 14, kwa hiyo bia zako tatu za wikendi ni karibu vinywaji vinne kwa lugha ya watafiti. Tatizo la kusema "nitaacha nikishika mimba" ni kwamba utajua una mimba wiki ya tano au ya sita, baada ya wikendi mbili tatu kupita. Iache tangu mwezi utakaoacha kujikinga. Hilo ni rahisi kuliko kuhesabu siku, na vileo vya kienyeji ambavyo hakuna ajuaye vimechanganywa na nini ni afadhali zaidi kuviepuka.

Mume wako naye asijione mtazamaji. Kwa mwanamke anayevuta mwenyewe, hatari hupanda kwa takriban asilimia 23, na kwa anayevuta moshi wa wengine kwa karibu asilimia 11, kwa mujibu wa tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2014. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, mtu anayevuta dirishani anaivutisha moshi familia nzima. Tena mbegu za kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na moshi wa tumbaku huharibu vinasaba vilivyomo ndani yake. Kwa hiyo akiacha leo, mbegu zitakazotunga mimba baada ya miezi mitatu zitakuwa zimetengenezwa katika mwili usio na moshi. Shisha, iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017 lakini ingali ikipatikana kwa mlango wa nyuma, haina unafuu wowote juu ya sigara. Nami naongeza moshi wa aina nyingine ambao hatuuhesabu: kama unapikia jiko la makaa ndani mlango ukiwa umefungwa, hewa ya monoksidi ya kaboni unayoivuta huipunguzia damu yako uwezo wa kubeba oksijeni. Liwashe nje hadi makaa yawe mekundu, na upike dirisha likiwa wazi.

Kuhusu chai na kahawa ningependa upunguze bila kuogopa. Ushauri wa Uingereza kwa wajawazito ni kutopita miligramu 200 za kafeini kwa siku, na kwa hesabu yao kikombe kikubwa cha chai kina karibu 75 na cha kahawa ya unga wa kuyeyuka karibu 100, maana yake vikombe viwili vya chai ya rangi iliyokolea vinatosha, na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wafanyakazi wa usiku hupenda kuvinywa havifai. Utakutana na tafiti zinazoilaumu kahawa kwa ukali zaidi. Zisome kwa tahadhari, kwa sababu mimba inayokwenda vizuri humletea mama kichefuchefu na kumfanya aichukie kahawa, ilhali mimba inayoelekea kuharibika mara nyingi haileti kichefuchefu hicho, na mama huendelea kunywa kama kawaida. Hapo kahawa huonekana mkosaji wakati ilikuwa shahidi tu. Usiyaogope mazoezi pia: kutembea na kufanya kazi za nyumbani hakuharibu mimba.

Sasa nimrudie dada wa kanisani. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20, yaani kiwango kilekile cha utafiti wa Denmark, na najua jinsi mifereji ya Eastlands inavyokauka na wanawake wanavyopandisha mitungi hadi orofa ya tano. Mtungi mmoja ulioubeba Jumamosi haukuitoa mimba yako, na ningependa usilale na wazo hilo. Kinachoandamana na hatari ni kuinua mizigo mizito kila siku, tena na tena, kama kazi ya kupakia bidhaa inavyoweza kuhitaji. Ujaze madumu ya lita kumi, mume abebe ya 20, na kazini uombe kituo cha kuhesabu, kubandika lebo au kukagua badala ya kuinua.

Zamu ya usiku ni jambo gumu zaidi kwa sababu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Utafiti mwingine wa Denmark wa mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake 22,744 kupitia orodha za zamu zao, ulionyesha kwamba kuanzia wiki ya nane ya mimba, mwanamke aliyefanya zamu mbili au zaidi za usiku katika wiki moja alikuwa na hatari ya asilimia 32 zaidi ya kupoteza mimba katika wiki iliyofuata. Inadhaniwa kwamba mwanga wa usiku huvuruga homoni ya usingizi, ile ya melatonini. Mambo mawili yananifanya nisikuambie uache kazi. Kwanza, kupoteza mshahara, na pengine bima, kuna madhara yake kwa mimba. Pili, utafiti huo ulihusu zamu za wakati wa mimba, kwa hiyo kinachohitajika ni mpango utakaoanza kutumika mara tu kipimo kitakapoonyesha mimba. Zungumza na msimamizi sasa, kabla ya kuwa na haraka, ubadilishane zamu na mwenzako ili usifanye zaidi ya usiku mmoja kwa wiki katika miezi mitatu ile. Barua ya daktari husaidia, nasi huwa hatukatai kuiandika.

Dawa ni eneo ambalo watu huteleza bila kujua. Hukutaja maumivu ya mgongo, lakini mtu anayesimama usiku kucha akipakia mizigo mara nyingi huwa na tembe za diklofenaki au ibuprofeni kwenye mkoba. Baadhi ya tafiti zimehusisha dawa za kundi hilo, zikitumiwa karibu na siku za kushika mimba, na hatari ya kuharibika kwake, kwa hiyo katika miezi unayojaribu tumia parasetamoli. Kama unatumia dawa ya presha, kifafa, chunusi kali au ugonjwa wa viungo, usiiache ghafla; nenda ukaulize ibadilishwe iwe aina inayofaa kwa mjamzito, kwani baadhi yake huharibu mimba au kuumbua mtoto. Zile kokwa za kuweka ukeni na mvuke zinazotangazwa mitandaoni kuwa "zinasafisha kizazi" baada ya mimba kutoka, achana nazo: kizazi kilichoharibikiwa mimba hakihitaji kusafishwa mara ya pili, na vitu hivyo huleta maambukizi. Hamu ya kula udongo au mawe ya odowa kutoka sokoni mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na mawe hayo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo si rafiki wa mimba. Pima damu, umeze madini ya chuma, na hamu yenyewe itapungua.

Maambukizi nitayapitia haraka. Pima kaswende na virusi vya ukimwi, nyote wawili, kwa sababu kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini na mwenye virusi huingia kwenye mimba akiwa salama zaidi kama dawa zake zimekwisha kuvidhibiti. Chanjo ya rubela iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2016, kwa hiyo wewe hukuipata utotoni. Wengi wa umri wako walishaugua na wana kinga, lakini kipimo kinaweza kuthibitisha, na kama huna kinga ukachanjwa, subiri mwezi mmoja kabla ya kujaribu mimba. Malaria si ugonjwa wa Umoja, ila ni ugonjwa wa Desemba tunaposafiri kwenda Busia, Siaya au Kwale. Katika wiki za mwanzo malaria ni hatari kubwa kwa mimba, na zile tembe za kinga zinazotolewa kliniki hazitolewi kabla ya wiki ya 13, kwa hiyo ngao yako ni neti yenye dawa, na ukipata homa upimwe siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaruhusu dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza. Malaria isiyotibiwa ina madhara makubwa kuliko dawa hiyo.

Kisha asidi foliki. Sitakudanganya kwamba inazuia mimba kuharibika, kwa sababu majaribio hayajaonyesha hivyo. Inazuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, na hiyo ni sababu tosha. Kiwango cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, lakini kama utakutwa na kisukari, miongozo ya Uingereza inapendekeza miligramu tano, ambazo huandikwa na daktari. Unga wa dukani huongezwa foliki kwa lazima ya sheria tangu mwaka 2012, ila haitoshi kwa mtu anayejiandaa kwa mimba. Anza mwezi mmoja kabla, na ikiwezekana mitatu.

Unaniuliza pia, ingawa hukuliandika wazi, kama ni lazima usubiri. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miezi sita baada ya mimba kuharibika, na wauguzi wengi bado huwaambia akina mama hivyo. Uchunguzi wa zaidi ya wanawake 30,000 wa Scotland uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopata mimba ndani ya miezi sita hawakupata matokeo mabaya zaidi, bali walifanya vizuri kidogo. Kwa hiyo kusubiri kwa ajili ya kusubiri hakuna faida. Wewe una sababu nyingine ya kuchukua miezi mitatu au minne: majibu ya sukari na tezi, kipimo cha kuganda kwa damu kinachorudiwa baada ya wiki 12, mbegu mpya za mumeo, na kilo chache za kwanza. Katika muda huo tumieni kinga, kwa sababu mimba isiyotarajiwa huja wakati mtu amejiambia "bado". Kwa mpangilio, ningeanza na damu wiki hii, sigara na foliki siku hiyohiyo, pombe mwezi wa kujaribu, na zamu ukiwa tayari umezungumza na msimamizi.

Siku kipimo kitakapoonyesha mistari miwili, usisubiri mwezi wa nne. Fika kwa daktari wa wanawake ndani ya juma hilo, upangiwe picha ya tumbo wiki ya saba, na ukiona damu yoyote kabla ya hapo, mwambie waziwazi kwamba umepoteza mimba mbili. Kwa mwanamke mwenye historia kama yako anayetokwa na damu mapema huku mimba ikionekana ndani ya nyumba ya uzazi, projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni, inaruhusiwa na miongozo ya Uingereza tangu mwaka 2021, nayo ni dawa ambayo usipoitaja hiyo historia hakuna atakayefikiria kukuandikia.